Mabuti ya Efrazia Kwenye Tuta la Juu

Ukishuka njia ya chini kutoka Masieda kuelekea mferejini, nyumba ya Efrazia utaitambua bila kuuliza mtu. Ni ile yenye ukuta uliopakwa chokaa mpaka nusu, nusu nyingine udongo mtupu. Chokaa ile aliianza mwaka binti yake Fausta alipopata kipaimara. Fausta sasa ana watoto wawili na anaishi Mbulu mjini. Mlangoni kuna kikapu kilichosukwa nusu, na banda la kuku lina kuta tatu. Kuku wenyewe walishazoea, wanalala jikoni.

Sio kwamba Efrazia alikuwa mvivu. Mvivu haamki kabla ya jogoo. Shida yake ni kwamba kila kazi ikimwona ilimwita, na yeye hakujua kumwambia mtu asubiri, wala kazi. Akienda kuchota maji akakuta kuni zimelowa, ataanika kuni. Akianika kuni atamwona ndama amejizungusha kamba mguuni. Akimfungua ndama atakumbuka kwamba rafiki yake Paskalina alikuwa anaumwa jino, basi atakwenda kumpa pole. Saa sita mchana ndoo bado inaelea kwenye mfereji, na mtu mwingine kabisa anaibeba kuirudisha.

Mumewe, Yonas, alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka ishirini na saba alitembea nyuma ya mkewe akiokota.

"Jembe lako nimelikuta kwa Hermani," atasema jioni, akivua koti.

"Lilikuwa linafanya nini huko?"

"Nilifikiri wewe ndiye utaniambia."

Watu walimpenda Efrazia. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kushika mwiko. Ila ugali wake mara nyingi ulimaliziwa na wengine, maana alishaitwa kwingine.

Shamba la kitunguu saumu ndilo lililomtia matatani. Mfereji wa kule ni mmoja, kaya zake kumi na mbili, na kila kaya ina siku yake. Zamu ikipita, inarudi baada ya siku kumi na mbili. Sharti ni moja, nalo kila mtoto analijua: ukifungua maji, usimame nayo mpaka yaingie jaruba la mwisho, halafu ufunge.

Zamu ile Efrazia alipewa na mama mkwe wake, Agatha. Agatha alikuwa mmoja wa wanawake waliochimba mfereji kwa majembe ya mkono, na kabla hajafa alimwita mkamwana wake kitandani akamwambia, "Ng'ombe wa Yonas ni wa Yonas. Haya maji ni yako." Mpaka leo kwenye daftari la Mzee Isidori, mwenyekiti wa mfereji, mstari ule umeandikwa Agatha. Hakuna aliyewahi kuubadilisha.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, Efrazia alifungua maji alainishe majaruba yake kumi na matatu tayari kwa kupanda. Maji yalikuwa yameingia la pili aliposikia kwamba ng'ombe wa Paskalina anazaa vibaya. Akaenda. Ndama alitoka salama, na Efrazia ndiye aliyemvuta. Kutoka pale akapitia kwa mtu mmoja kuchukua mche wa parachichi. Aliporudi jioni, maji yalikuwa yamejaza majaruba yote, yamebomoa tuta la mpakani na kuingia kwa jirani yake, Hermani, aliyekuwa amemaliza kupanda juzi yake. Punje za Hermani zilikuwa zimeng'oka zote upande ule na kukusanyika kwenye kona.

Hermani hakupiga kelele. Aliokota punje akazijaza kwenye viganja viwili, akaja nazo mpaka mlangoni kwa Efrazia.

"Mama Fausta, hizi ni zangu. Nimekuletea kwa sababu nimezikuta mpakani. Nikajua zinakutafuta."

"Nisamehe, jirani. Kesho asubuhi nakuja nizipande zote."

"Wewe usije. Utanipandia mstari mmoja na nusu."

Jioni ile ile kamati ya mfereji ilikaa. Mzee Isidori alizungumza huku akiangalia daftari, kwa sababu alimpenda Efrazia na ilikuwa vigumu kumwangalia.

"Zamu yako inarudi Jumatatu ya wiki ya pili," alisema. "Tukikuta majaruba yote yamepandwa, na wewe umesimama na maji yako, tumesahau. Tukikuta nusu nusu, zamu tunampa Hermani afidie hasara yake. Na akiichukua msimu huu, sioni atakayemnyang'anya msimu ujao."

"Nimesikia, mzee."

Alhamisi alikwenda shambani kumekucha. Alisimama kwenye tuta akaangalia majaruba kumi na matatu, kila moja urefu wa hatua kumi. Akaangalia rundo la samadi, magunia ya vitunguu ambavyo havijapukuchuliwa punje, tuta lililobomoka. Akaanza na samadi. Katikati ya samadi akaona afadhali apukuchue kwanza. Mikono ikiwa na harufu ya saumu akaona tuta litamwaibisha, akachukua jembe. Akapanda kidogo huku, kidogo kule. Jioni alirudi nyumbani mabuti yamejaa tope.

"Umepanda mangapi?" Yonas aliuliza.

"Nimeanza manane."

"Sikuuliza umeanza mangapi."

Efrazia alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, upande usio na chokaa, na hakutaka mtu amfuate. Mbele ya macho yake alimwona Agatha akichimba.

Ijumaa mabuti yake ya mpira yalikuwa na tope mpaka ndani, tope la jana. Aliyaosha mferejini akayageuza chini juu kwenye tuta la juu yakauke. Buti halifai jarubani hata hivyo, linashindilia udongo, punje ikakosa pumzi. Akashuka peku kwa tuta la kando mpaka chini ya jaruba la kwanza, akachuchumaa, akaanza kupanda akirudi kinyumenyume, kama wanavyopanda wote, ili asikanyage alichopanda. Ncha ya punje juu, kitako chini, upana wa vidole vinne, nyingine.

Hajafika hatua ya tatu, Paskalina akatokea njia ya chini.

"Mama Fausta! Njoo uone vitenge, Severine wa kwaya amevileta. Mara moja tu."

Efrazia akainuka hapo hapo. Hatua ya kwanza nje ya jaruba, mbigili ukamwingia kisiginoni. Ya pili, mwingine. Mwezi wa tano njia ile mbigili umetanda kama mkeka. Akageuka kutafuta mabuti. Yako kule juu, na kati yake na yeye ni jaruba ambalo Yonas alilichambua udongo mpaka ukawa kama unga. Akilikatiza, atalitibua lote. Tuta la kando alikoshukia hata halikumjia akilini.

"Mabuti yangu yako kule," alisema.

"Kayachukue."

"Nitakanyaga."

"Sasa?"

Efrazia alifikiri. "Nayafuata," akasema, akachuchumaa tena. "Ila kwa kuwa naenda huko huko, acha nipande njiani."

Paskalina alisubiri kidogo, akacheka, akaondoka. Efrazia akaendelea kurudi nyuma. Kwa sababu alikuwa amekipa mgongo kilichobaki, hakukiona. Alichokiona mbele yake ni mistari iliyopandwa, ikizidi kuongezeka. Jua lilikuwa limefika juu ya mgongo wake aliposikia kitu cha baridi kimegusa kisigino. Akashtuka, akidhani chura. Lilikuwa buti.

Akakaa juu ya tuta, akaliangalia jaruba. Lilikuwa limekwisha. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoona kitu chake kimekwisha mpaka kona.

Jumamosi aliyaweka mabuti pale kwa makusudi, kwenye tuta la juu la jaruba la pili. Jumatatu, la tatu. Hakumwambia mtu, maana aliona ni jambo la kitoto. Kwenye jaruba hakuingia na kitu kingine, jembe hapana, gunia hapana, ni karai la punje tu. Samadi aliieneza jioni kwa ajili ya jaruba la kesho peke yake. Na wito ulipokuja, jibu lake lilikuwa moja.

"Naja. Nikishafika kwenye mabuti."

Mara nyingi alipofika kwao alikuta shida imeshajitatua. Hilo lilimuuma kidogo. Miaka yote alidhani bila yeye kijiji hakiendi.

Jumanne mawili. Jumatano mawili. Hermani, akipanda upya upande wake wa mpaka, alikuwa anamtazama chini ya kofia.

Alhamisi baridi ilikuwa kali, ukungu umelala mpaka magotini. Efrazia akasema leo acha nipande na mabuti miguuni, nusu saa tu, mpaka jua litoke. Saa nne alijikuta jikoni kwa Paskalina, kisu mkononi, akimenya viazi. Hakujua amefikaje.

"Nani ameniita?" aliuliza.

"Hakuna. Umekuja mwenyewe, ukauliza jino langu. Lilishang'olewa."

Efrazia akaweka kisu na kiazi chini. Akayavua mabuti pale pale mlangoni kwa rafiki yake, akayaangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyedanganya. Kisha akayavaa tena, maana mbigili, akarudi. Siku hiyo alimaliza moja tu. Usiku hakulala vizuri, lakini Ijumaa miguu yake ilikuwa peku kabla ukungu haujainuka. Mawili. Jumamosi mawili. Jumapili hapandi mtu.

Likabaki moja.

Jumatatu alibandika makande mapema, akashuka. Alikuwa amefika nusu ya jaruba la kumi na tatu Mzee Isidori alipokuja kando ya mfereji na daftari kwapani. Hermani alikuwa naye, jembe begani, tayari kugeuzia maji kwake. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mlango wa shamba, yanasukuma udongo uliozibia.

"Mama Fausta," mzee aliita.

"Shikamoo, mzee." Hakuinua kichwa.

"Marahaba. Maji yamefika. Njoo ufungue."

"Bado, mzee. Sijafika kwenye mabuti."

Mzee Isidori alimgeukia Hermani. "Amesema nini?"

"Amesema mabuti. Yale pale kwenye tuta."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Huyu hatoki jarubani mpaka kisigino kiyaguse. Namtazama siku ya kumi sasa. Juzi Paskalina amemwita mpaka sauti imekauka."

Mzee Isidori alikohoa. "Maji hayasubiri mabuti, Mama Fausta. Na hili jaruba halijapandwa lote. Unajua tulivyosema."

Punje moja ikamponyoka Efrazia, ikaanguka kichwa chini. Aliigeuza. Mwili wote ulitaka kuinuka ukimbie mlangoni kwa maji, ufungue, urudi, upande, ukafunge. Alijua ukishainuka hautarudi. Ncha juu, kitako chini, vidole vinne.

Hermani alishusha jembe begani. Alisimama nalo kidogo, akiangalia ile kona yake ambako punje zilikuwa zimekusanyika, nayo bado hajaipanda upya. Kisha akazibua udongo, na maji yakaingia, lakini hayakuingia kwake. Yaliingia jaruba la kwanza la Efrazia.

"Kutoka la kwanza mpaka la kumi na tatu ni mwendo, mzee," alisema. "Atafika. Na mimi nipo nayo mpaka atakapofika."

"Wewe ndiye ungeipata hii zamu."

"Najua." Akaelekeza maji jaruba la pili. "Mama Fausta, nikusogezee mabuti karibu?"

"Usiyaguse."

Mzee Isidori akakaa kwenye tuta. Maji yalikuwa yakinong'ona. Yalikuwa jaruba la tisa kisigino cha Efrazia kilipogusa mpira.

Hakuyavaa. Aliyabeba mkononi akapita juu ya matuta, peku, mpaka kona ya chini kabisa, pale tuta lilipobomoka na alipolijenga upya, mpakani na Hermani. Akayapanga pale, ncha zikielekea majaruba yake mwenyewe. Akarudi juu na kumpokea Hermani jembe.

"Asante, jirani. Sasa nipo."

Hermani aliyaangalia mabuti kule chini, akatikisa kichwa, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Hakuondoka lakini.

Maji yalikuwa kwenye la kumi na moja upepo ulipoleta harufu. Wote watatu waliisikia. Kutoka juu, Yonas, aliyekuwa anarudi na ng'ombe, akaita.

"Mama Fausta! Makande yanaungua!"

Efrazia alinyanyua kichwa akaangalia moshi unaotoka jikoni kwake. Akaangalia kule chini mabuti yalipo. Mguu mmoja ulishapiga hatua. Akaurudisha.

"Ipua sufuria, Baba Fausta," aliita. "Mimi sina mabuti."

Yonas, ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kukuta mkewe amesimama alipomwacha, alisimama na fimbo yake, akamwangalia. Kisha akaingia jikoni mbio.

Maji yalijaza jaruba la kumi na tatu, yakagusa soli za mabuti, na Efrazia akafunga. Mzee Isidori alifungua daftari, akaweka alama ndogo kwenye mstari ulioandikwa Agatha, akalifunga.

Mchana walikula makande wote, na Hermani pia, wameegemea ule ukuta wa nusu.

"Yana moshi," Hermani alisema, akichota tena.

"Kula," Efrazia alisema. "Kesho naanza kona yako. Na usiniambie mstari mmoja na nusu."

"Sijasema kitu. Nauliza tu, mabuti utayaweka wapi?"

Yonas alitafuna polepole, akiuangalia ukuta. "Ukimaliza kwa Hermani," alisema, "ile ndoo ya chokaa naijua ilipo."