Mkonge wa Katikati ya Shamba

Mimi ni mwoga, sikatai. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa simu ikilia kabla sijanywa chai. Lakini hofu iliyoniingia kwa ajili ya chipukizi la mkonge, hiyo sijaizoea hadi leo.

Kwetu Mitaboni mkonge ndio mpaka. Jiwe mtu ataliokota akajengee, mti ataukata achome makaa, lakini mkonge wa mpaka hakuna mwenye akili timamu anayeugusa, maana ataitwa mbele ya wazee. Ndiyo sababu ule uliosimama peke yake katikati ya shamba letu, mahali pasipopakana na kitu, plau iliuzunguka miaka yote. Hakuna aliyeuliza ulikuwa mpaka wa nini na nini.

Mwaka jana ukatoa ule mti wake mrefu wa maua. Mkonge ukishatoa maua hufa, kila mtu wa huku anajua. Mwaitu, ndivyo ninavyomwita mama, akaniita kutoka Machakos mjini ninakoishi, akasema nije na jembe dogo. Chini ya majani makavu kulikuwa na machipukizi matatu ambayo plau haikuyafikia. Nikainama nianze kazi.

“Usichimbe sana,” akasema.

“Mbona?”

“Dada yako yuko hapo.”

Nilijua mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Akanieleza palepale amesimama, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya maharagwe. Alimzaa kabla yangu, hakufika hata kubatizwa, na siku hizo mtoto kama huyo hakuwekewa msalaba. Baba akamzika, yeye akapanda mkonge juu yake kwa sababu alijua hakuna atakayeung'oa. Baba naye alikufa bila kumwambia mtu. Sasa shamba lilikuwa limegawanywa, na kipande kile kilimwangukia baba mdogo.

“Si umwambie tu, mwaitu.”

“Nimwambie aite wazee wamfukue wamhamishe? Ama waseme natafuta njia ya kumnyima shamba? Wewe kuza hao watoto, wakuwe wakubwa, waonekane. Mimi macho yangu imeisha.”

Niliyachimbua kwa vidole. Utomvu uliniwasha mikono mpaka kwenye viwiko na sikuthubutu kujikuna. Kila kijiwe nilichogusa, roho ilinipaa.

Nyumbani kwangu mjini niliyapanda kwenye mikebe ya rangi, nikayapanga barazani. Sasa mtu aliyelelewa Ukambani, aliyebeba maji mgongoni kutoka mtoni akiwa mdogo, hajui njia nyingine ya kupenda mmea ila kuumwagia maji. Nilimwaga kila asubuhi. La kwanza likalegea, nikaongeza maji kwa woga. La pili nilipoligusa likang'oka lenyewe, shina limekuwa uji, linanuka viazi vilivyooza. Nilipiga simu huku meno yakigongana.

“Mwaitu, wawili wamekufa.”

“Unawapatia maji?”

“Kila siku.”

“Kila siku,” akarudia. “Huo ni mkonge, si sukuma wiki. Huyo amebaki mtoe. Kata penye imeoza, mweke kivulini mpaka kidonda ikauke, alafu umpande kwa mchanga mkavu. Na ukae mbali na yeye.”

Hilo la kukaa mbali ndilo lililonishinda. Nilipita hapo nikivuta jani taratibu kuona kama limeshika, nikijilaani huku navuta. Siku lilipogoma kung'oka niliketi sakafuni nikalia.

Mvua ilipokaribia, baba mdogo akanipigia simu, mwenye furaha zake. Ule mkonge wa katikati umekauka, alisema, ameung'oa, na leo wanalima. “Ulikuwa unatusumbua bure.”

Niliukumbatia mkebe nikapanda boda boda, na njia nzima nilijaribu kukumbuka mkonge ulikuwa hatua ngapi kutoka kwenye mtaro wa kando ya shamba. Sikuwahi kupima. Mwaitu haoni. Plau ikishapita, udongo wote ni mmoja, nani angetuonyesha alipolala?

Nilipofika shamba lilikuwa limegeuzwa lote, jekundu mpaka kwenye ua. Na katikati yake mwaitu ameketi kwenye kigoda, leso kichwani, jua kali juu yake. Baba mdogo alikuwa ameegemea plau, amechoka, amechanganyikiwa.

“Mama yako amekaa hapo tangu asubuhi,” akaniambia. “Nimeng'oa tu, yeye huyo na kigoda, akaketi kwa shimo. Namwambia atoke, hasemi kitu. Ikabidi tulime tukimzunguka.”

Nilivuka matuta hadi alipo. Alinitambua kwa hatua.

“Umekuja na yeye?”

“Niko na yeye.”

“Ameshika mizizi?”

“Ameshika.”

Nilitaka kumwinua kwanza. Akaning'ang'ania mkono, na hapo ndipo nilipoona kwamba mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akiogopa chochote, alikuwa anaogopa kuinuka. Akatanua miguu, akavuta gauni kando. Nikapiga magoti, nikaanza kufukua udongo katikati ya nyayo zake.

“Usichimbe sana,” akasema.