Pengo la Nyambu

Lori la mchanga likipita hapa Voi likidondosha maji barabarani, ile harufu ya mchanga mbichi hunirudisha kwenye tuta letu la mto.

Tuta lile lilijengwa na kina mama, mama yangu akiwamo. Walibeba udongo wa vichuguu, ule wa kukandika nyumba, wakaushindilia kwa miguu huku wakisengenyana na kucheka, kisha wakapanda nyasi. Kitako chake kilikuwa kipana kama barabara. Mama alituambia mto hawauzuii, wanauonyesha njia tu.

Halafu Nyambu, mwuza mchanga, akalikata. Namtaja kwa jina, na watoto wake wasome. Alitaka lori lake lipate pa kushukia kwenye mchanga wa mto, uliokuwa mkavu. Mama akamwendea, akamwomba azibe kabla milimani hakujanyesha.

"Mama Mghoi," akamjibu, "mto wenyewe uko wapi? Si mbuzi wako ndio wanalala humo?"

Watu wakacheka. Naibu wa chifu naye akacheka, yeye ambaye nyumba yake ilikuwa juu mlimani.

Maji yalikuja asubuhi, jua linawaka, kwetu halijaanguka hata tone. Kwanza ngurumo, kisha maji mekundu yakibeba migomba mizima. Nikapanda juu ya tuta. Ndugu zangu, sijaona tena kitu kama kile. Upande mmoja mto ulipita juu kuliko madirisha yetu; upande wa pili kuku wanachakura pakavu. Udongo wa kukanyagwa na kina mama ulikuwa umeushika mto mzima.

Isipokuwa pale kwenye pengo. Baba na majirani walikuwa wakilijaza magunia ya udongo. Akaniona, akasema kama mtu anayenituma dukani, "Mghoi, mpeleke mama yako kule kwenye reli."

Tulipofika juu ya tuta la reli, pengo likaachia. Baba hatukumpata.

Shule niliacha mapema, lakini hili nimelielewa ukubwani: tuta halipunguzi maji, linayabana yakainuka, na yakipata mlango yanatokea hapo yote. Miaka mingi nilimwona baba mjinga, kupigania pengo lisilozibika. Kumbe alijua halizibiki. Alikuwa akiyachelewesha tu, mpaka atuone tumefika relini.