Uchungu Nilioupeleka Salongo

Nakumbuka Jumamosi moja ya salongo, mwanangu, pale mtaani kwetu Cimpunda, wakati nchi ikiitwa Zaire, nilipokuwa na mimba yangu ya pili na uongo mkubwa kuliko mimba yenyewe. Wewe hukuikuta salongo. Kila Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe kuzibua mitaro, na shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa, alipita akiangalia nani kajificha. Mwenye tumbo kubwa aliruhusiwa kubaki nyumbani. Mimi nilikwenda, tena kwa makusudi.

Siku chache kabla, kwenye maternite, hospitali ya kuzalia, mkunga alinipapasa tumbo kwa muda mrefu. Akaniambia mtoto amelala kukingama, na asipogeuka nitapasuliwa. Akaandika hayo kwenye fishi yangu, ile kadi ya kliniki, akanisisitiza uchungu ukianza tu nije mbio. Niliitikia kwa adabu zote, halafu fishi nikaisukuma chini ya godoro. Mume wangu sikumwambia. Mama mkwe, tuliyeishi naye nyumba moja, naye sikumwambia.

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kulazwa kwa dawa nisiamke tena, mtoto wangu wa kwanza abaki bila mama. Na nilikuwa na woga mwingine wa kijinga zaidi: mwanamke aliyepasuliwa alisemwa pale bombani hadi maji yajae na kumwagika, eti hakuzaa, kisu ndicho kilichomzalia. Basi nikakata shauri kwamba uchungu nitauficha mpaka mtoto awe njiani, na hapo hakuna atakayenipeleka popote. Niliwahi kusikia wanawake wakisema kazi ya kuinama humgeuza mtoto. Nikaamini, kwa kuwa nilitaka sana kuamini.

Uchungu ulianza kulipopambazuka. Nikachukua jembe. Ukinijia, naegemea mpini na kujifanya naangalia ziwa kule chini, ukipita, nalima. Nilijiona mjanja kweli! Kufika saa nne nilikuwa nikisimama zaidi ya kulima, na mama mkwe, aliyekuwa akizoa matope nyuma yangu, akaweka beleshi lake chini.

“Weye, tangu asubui unasimama-simama tu. Iko nini?”

“Iko mugongo, maman.”

“Mugongo gani yenye inakuuma, inakuacha, inarudia tena?”

Papo hapo yakanijia maumivu ambayo sikuwa nayajua, kama kitu kinachanika ndani. Kisha yakanyamaza ghafla, na ule utulivu ulinitisha kuliko maumivu. Nikaketi kwenye matope nikasema yote: fishi, mtoto aliyekingama, kisu.

Nilitegemea matusi. Mama mkwe alikuwa na ulimi, na shefu mwenyewe alimwogopa. Lakini alichuchumaa, akanifuta uso kwa kitenge chake, akasema polepole:

“Kuogopa haiko zambi. Miye niliogopa mara tisa. Lakini ungeniambia, tungeogopa wawili.”

Wanaume waliacha mtaro, wakafunga blanketi kwenye miti miwili wakatengeneza kipoyi, wakanibeba mbio mpaka hospitali. Mama mkwe alikimbia kando yangu, miguu mitupu, mkono wangu hakuuachia.

Walinipasua. Mtoto alitoka amelegea, wakamhangaikia, mwisho akalia. Ila mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika vibaya, na daktari akalazimika kuutoa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliyenieleza ni mkunga yule yule. Alikaa kitandani kwangu, na hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia tu kwamba ningefika alfajiri, wangenipasua, wangenishona, na ningerudi nyumbani mzima. Nikalia sana. Kisu nilichokikimbia kilikuwa kimenipata vilevile, kikachukua na watoto wote niliokuwa bado nawangoja.

Sikuambii usiogope. Atakayekuambia hivyo, muulize yeye amezaa mara ngapi. Wewe uliye na mimba leo, ukiambiwa jambo kule maternite, rudi nalo nyumbani ulitaje kwa sauti, kwa mumeo, kwa mama yako, kwa yeyote mwenye masikio. Na mkunga mwambie wazi unaogopa nini: kisu, dawa, maneno ya watu. Muulize hata mara kumi. Ukishajua yote, amua. Lakini usiuache woga uamue peke yake huku umefunga mdomo, maana wenzako hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua.

Mungu akulinde wewe na huyo uliyembeba. Siku yako ikifika, akukutanishe na mikono yenye huruma, ufike mapema, mtoto alie kwa nguvu. Na ukitaka tena mwingine, mwanangu, akupe.