Karatasi za Rafu

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Umoja, Nairobi, kutoka kijijini magharibi, macho yake yakiwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Tarehe ya upasuaji ilikuwa bado mbali, kwa hiyo akakaa nasi akingoja. Sikuwa nimemaliza mwaka katika ndoa, na nilimwogopa. Mume wangu akishaenda kiwandani Baba Dogo tulibaki wawili katika chumba chetu chenye pazia katikati, yeye akisikiliza redio, mimi nikinyata nisije nikamuudhi.

Krismasi ilipokaribia nikaanza kutengeneza karatasi za rafu. Miaka ile ya tisini karibu kila nyumba mtaani ilikuwa nazo: unakunja gazeti kuukuu, unakata maua ukingoni, ukilikunjua linaning'inia mbele ya vyombo kama lesi. Nilitaka kumaliza haraka. Nikakunja nusu, nikakunja tena nusu, na tena, hadi likawa nene kama kitabu. Mkasi ukagoma. Nilipolazimisha, karatasi ikateleza, na nilipoikunjua maua mengine yalikuwa mapana, mengine membamba, moja halina kichwa.

"Kuna nini?" akauliza mama.

"Karatasi, mama. Imekataa."

"Lete hapa."

Naye akakunja vilevile, nusu kwa nusu, akakandamiza kwa mgongo wa kijiko. Nikakata. Yalitoka mabaya kuliko yangu. Nilipomweleza yalivyo, akacheka hadi akashika mbavu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Akachukua gazeti jingine, akalikunja, akapitisha kidole ukingoni.

"Hapa pana ngazi," akasema.

Nikatazama. Kweli, kurasa za ndani zilikuwa zimechomoza na za nje zimebaki nyuma. Karatasi ya nje ililazimika kuzizunguka zote za ndani, na mzunguko ule ulimeza sehemu ya urefu wake.

"Ni kama kujifunga leso juu ya sweta," nikasema. "Haifiki mbele."

"Basi isizunguke chochote."

Tukajaribu kukunja mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama feni ya kujipepea. Sasa kila mkunjo ulilala ubavuni mwa mwenzake. Yeye alikunja kwa kupapasa, akilinganisha kingo kwa vidole gumba, na mimi nikakata mikunjo michache kwa kila mkato. Akagundua pia kwamba gazeti likikunjwa upande mmoja mstari unatulia, na upande mwingine unakwaruza kidogo, kana kwamba karatasi ina nyuzi. Nikachana kipande kuhakikisha. Upande mmoja kilichanika wima, wa pili kikaenda mrama.

Mikono ikiwa na kazi, maneno yakaja yenyewe. Alinisimulia alivyoolewa akiwa hajui kusonga ugali wa mtama, na mama mkwe wake akamwacha alie jikoni bila kumsaidia.

"Na wewe," akasema, "mbona unanyata humu kama mwizi? Mimi siumi."

Nikamwambia tu kwamba nilidhani hanipendi.

"Ningekuchukiaje? Sijakuona hata uso. Siku ya harusi niliona kitu cheupe kikipita."

Upasuaji ulifanyika baada ya mwaka mpya, jicho moja kwanza. Bendeji ilipotolewa, mume wangu akamleta nyumbani. Nilikuwa nimekazana kupanga vyombo, nikitarajia atazitazama rafu na karatasi zetu. Hakuzitazama. Alinivuta hadi dirishani, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Kumbe una mwanya!" akamgeukia mwanawe. "Na hukuniambia!"

Nikaziba mdomo kwa aibu. Akautoa mkono wangu.

Jicho la pili lilitengenezwa baadaye. Ana mabinti wawili hapa Nairobi, lakini safari hiyo pia alifikia kwetu, na mwenye nyumba akawa akilalamika kwamba tunacheka sana mchana.