Mama Baridi na duara la kalamu

Saa tatu kasorobo asubuhi, dereva wa lori aliyekuja kukandwa bega bado hajavua hata shati. Amenyoosha mkono juu ya meza kama mtoto anayesubiri sindano. Mama Baridi anadondosha tone moja la mafuta ndani ya kiwiko chake, analisambaza kwa ncha ya kidole, kisha anachukua kalamu ya wino wa buluu na kulizungushia duara.

"Haya, nenda. Urudi kesho."

"Mama, kinachoniuma ni bega, si kiwiko."

"Bega litasubiri. Mimi na ngozi yako bado hatujafahamiana."

Dereva anacheka, anashusha mkono wa shati na kuondoka kama alivyokuja. Mtaani watu wanawatambua wateja wa mama huyu kwa duara hilo hilo.

Chumba chake kipo nyuma ya saluni. Kina kitanda kimoja chembamba, shuka nyeupe, feni inayolalamika na rafu yenye chupa saba. Siku ikiwa njema anapokea wateja sita. Nusu ya kinachoingia inaishia kwenye kodi na mafuta ya nazi, na kinachobaki kinamsomesha binti yake wa pekee.

Jina la Mama Baridi alibandikwa na msusi wa chumba cha mbele, kwa sababu ya mafuta yake ya kupoza mwili. Ujuzi aliupata kwa bibi mmoja mtaalamu wa Ayurveda, tiba ya kale yenye asili ya India. Aliajiriwa pale kupiga deki, na mwaka mzima ukapita kabla hajaruhusiwa kushika chupa.

"Bibi aliniambia ufuta unapasha, nazi inapoza," anasema huku akikunja taulo. "Mengine yote aliniambia niyasikilize mwenyewe."

Na kweli anasikiliza. Huchemsha majani ya nanaa na unga wa msandali katika maji, akachanganya na mafuta ya nazi, akaweka juu ya moto mdogo na kutega sikio. "Yakiwa bado na maji yanapiga domo, cha-cha-cha. Yakinyamaza, yameiva."

Katika miaka kumi na moja ya kazi, kanuni ya duara, ya kuijaribu ngozi siku moja kabla ya kuikanda, ameivunja mara moja tu, na nusura imtoe kazini.

Ilikuwa miezi mitano iliyopita. Mwoka mikate wa mtaa wa pili aliingia mchana akiwa amepinda, mkono kiunoni, shati limelowa kwa joto la tanuri.

"Dada, hiyo kesho yako sitaifikia," alimwambia. "Nilaze leo hii."

Alimhurumia, akamlaza. Alimkanda kwa muda wa saa nzima, na mwoka mikate akainuka amenyooka, akashukuru mara tatu.

Kesho yake alirudi. Alipandisha shati, akageuka. Mgongo ulikuwa mwekundu kutoka mabegani hadi kiunoni, umejaa vipele.

"Angenigombeza ningejitetea," anakumbuka Mama Baridi. "Alisimama tu pale, ananionyesha."

Alimpeleka kliniki mwenyewe. Muuguzi akampa mgonjwa dawa, kisha akamgeukia yeye: asimguse mtu mwingine mpaka chanzo kijulikane. Siku mbili baadaye mtaa mzima ulikuwa na habari, na wapo waliomwita Mama Moto waziwazi, wakiwa dukani, naye akiwa amesimama hapo hapo.

Alifunga pazia la mlangoni. Kisha akajichora maduara saba mikononi, moja kwa kila chupa, na namba kando yake. Msusi naye akatoa mkono wake kusaidia, japo kwa manung'uniko.

"Shoga, Jumamosi nina harusi. Nitakwendaje na mkono kama ubao wa hesabu?"

"Vaa mikono mirefu."

"Kwa joto hili? Basi unipoze bure mwaka mzima."

Maduara yote yalitoka safi. Habari hiyo, badala ya kumfariji, ilimvunja moyo zaidi.

"Nikasema, kama mafuta ni mazima, basi kilichobaki ni mikono yangu," anasema, akiitazama. "Nikaanza kuulizia kazi ya usafi."

Siku ya tisa pazia lilisukumwa. Aliingia mwanamke mwenye alama za unga kwenye khanga, na mkononi kikopo kidogo kilichofungwa kwenye leso.

"Wewe ndiye uliyemkanda mume wangu?"

"Ndiye mimi, dada yangu." Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

"Basi nisamehe. Aliyemuunguza ni mimi."

Kikopo kilikuwa cha dawa ya kuchua misuli, ile kali yenye pilipili. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mke alikuwa akimpaka mumewe mgongoni. Mume hakumwambia mkandaji kwamba amepakwa, wala hakumwambia mkewe kwamba amekwenda kukandwa, akihofia kumuudhi. Waliporudi kliniki pamoja, muuguzi aliuliza ngozi ile ilikuwa imepakwa nini kingine. Mume akatazama chini. Mke akajibu.

Muuguzi aliwaeleza kwamba dawa ilikuwa bado ipo kwenye ngozi, na kule kukandwa kuliisugua na kuieneza mgongo mzima.

"Mimi nampasha asubuhi, wewe unampoza mchana," mke alisema. "Mgongo wa mtu si chai!"

Mama Baridi alikaa sakafuni. Alilia, akacheka, akalia tena. Msusi alikuja mbio na kitana mkononi, akidhani kuna ugomvi.

Lakini hajiondolei lawama. "Lile tone lingenipa siku moja," anasema, "na katika siku hiyo ningemuuliza." Sasa anauliza. Kwenye pazia kuna kipande cha boksi kilichoandikwa: LEO UMEPAKWA NINI, NA NANI?

Wateja walirudi mmoja mmoja. Kabla mwaka haujaisha anataka kuweka kitanda cha pili upande wa dirisha, na mtu wa kukisimamia amekwishampata.

Saa tano, mtu huyo anamwongoza mumewe ndani. Mke wa mwoka mikate huja kujifunza kila Jumanne, na leo kuna mafuta mapya, yaliyonyamaza jana tu.

"Siku hizi mmekuwa kitu kimoja," mwoka mikate analalamika. "Mgongo wenyewe ni wangu."

"Mgongo ni wako, shemeji," anasema Mama Baridi. "Ruhusa ni ya mkeo."

Mwoka mikate anataka kupanda kitandani. Mkewe anamvuta mkono, anaukunjua juu ya meza na kudondosha tone moja. Mama Baridi anampa kalamu, kisha anarudi nyuma hatua mbili, mikono yake imetulia kiunoni.

"Urudi kesho," mke anamwambia mumewe.