Objektifu Iliyomfuta Mzee Bonifasi

Wale ambao mmekwisha kuiona ile picha yangu, chekeni mara ya mwisho, mmalize, halafu mnipe nafasi niseme, maana imezunguka kwenye simu za mitaa yetu, Bwiza na Nyakabiga nzima, na kila mtu ana hadithi yake, mmoja anasema nililewa, mwingine anasema nilipigana na wazee, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi, Mama Keza, kilichotokea. Aibu niliipata, sikatai. Lakini aibu ni yangu, basi nitaisimulia mwenyewe, na hasira ninayo bado.

Mimi napiga picha za sherehe. Si kwa simu, kwa kamera, zile za siku hizi zisizo na kioo ndani (nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja na kwa mwingine unamtuliza mtoto, na mimi mtoto ninaye, Keza, bado ananyonya na makazi yake ni mgongoni kwangu). Tangu nianze kazi hii nilikuwa na lensi moja tu, sisi hapa tunasema objektifu, ile iliyokuja na kamera, inayovuta mbali na kurudisha karibu. Inafanya kazi, lakini haina sifa yoyote. Ukiiingiza chini ya hema penye kivuli, bibi harusi anatoka na rangi ya ugali wa jana.

Sasa kuna mtu anaitwa Saidi, ana duka la kamera zilizotumika pale Bwiza, na Saidi ana ulimi. Akanitolea objektifu nyingine, ya milimita hamsini, haivuti wala hairudishi, imesimama mahali pamoja kama nguzo ya umeme, ukitaka mtu awe mkubwa unamwendea kwa miguu yako. Ila mdomo wake unafunguka mpaka moja nukta mbili. Kwa asiyejua: namba ikiwa ndogo mdomo uko wazi zaidi, mwanga unaingia kwa fujo, uso unatoka safi na vyote vilivyo nyuma yake au mbele yake vinayeyuka kama siagi kwenye kikaango.

"Mama Keza, enda nayo, jaribu," Saidi akaniambia. "Siku ya Pili, Jumanne, uje unipe jibu, unaitaka ao hauitaki. Lakini nakuomba kitu kimoja, usiifunge! Objektifu ya namna hii ukiifunga, ni kama umenunua pikipiki na unaisukuma kwa mukono."

Mimi mjinga nikacheka, nikaona amesema neno la maana.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya majaribio, hapo ndipo ninapojichukia. Jumamosi ile ilikuwa dote ya Inesi, yaani sherehe ya mahari, binti wa jirani zetu, katika bustani ya Maman Odette kule Kinindo. Huyu Maman Odette ndiye mwenye bustani, mwenye hema, mwenye viti, na pombe ya mtama inayonywewa pale anaipika mwenyewe na hamwachii mtu mwiko. Kila wiki bustani ile ina sherehe. Alikuwa ameniita kunipima, akanena wazi: "Ukifanya muzuri leo, sherehe zote za hapa zinakuwa zako. Ukiharibu, kuko wengine." Mnaelewa? Kazi ya kila wiki, mahali pamoja, si kukimbizana na wateja wanaokuita leo na kesho simu zao zimezimwa.

Baba Keza alikuwa ameahidi kubaki na mtoto. Asubuhi akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamngoja mjini (mtu huyo ni mpira, lakini hayo ni ya nyumbani). Nikamfunga Keza mgongoni, nikasimama mlangoni na objektifu ya zamani mkononi, nikawaza, niibebe isaidie? Halafu nikasema apana, kitu ukitaka kukipima kipime peke yake, ukibeba cha zamani utakikimbilia. Nikairudisha juu ya kitanda. Yote yaliyofuata yalianzia kitandani pale.

Mwanzoni nilikuwa malkia, sisemi uongo. Inesi alitoka na mvutano wake, lile vazi letu la kufunga begani, wa rangi ya dhahabu, nikampiga picha, Mungu wangu, kope moja moja, ngozi kama imepakwa asali, na nyuma yake yale makreti ya Fanta yaliyokuwa yananiudhi yamegeuka kuwa vitone vya mwanga. Haina kelele, inalishika jicho haraka, kale kamraba ka kijani ka kulengea kanaliendea jicho lenyewe bila kutumwa. Nikaona picha hii haifai kukaa kwenye kamera. Pale chini ya hema kulikuwa na televisheni kubwa, nikamwambia MC tuunganishe, kila nitakachopiga kitokee pale papo hapo. (Nani alinituma? Hakuna. Ni kiburi.) Picha ya Inesi ikajaa kioo kizima, wanawake wakapiga vigelegele, na Maman Odette akanipitia nyuma akasema, "Eeh, Mama Keza, leo umekuja kweli."

Basi wasemaji wakasema yao, wakabishana kwa methali, ng'ombe wa mahari wakakubaliwa, ukafika wakati wa mtungi. Asiyejua desturi yetu aelewe hapa. Mtungi unawekwa katikati, msemaji wa upande wa bwana harusi anakaa huku, wa upande wa binti anakaa kule, kila mmoja na mrija wake, wanainama pamoja, wanavuta. Hapo ndipo koo mbili zimeungana. Maneno yote ya kabla ni maneno, picha ya mtungi ndiyo inayotundikwa sebuleni. Na mrija ukishauingiza mdomoni unavuta kweli. Ukiuweka tu midomoni usivute, umewaambia watu wote kwamba unaogopa kilichomo ndani, labda sumu. Hata mwenye pombe huwa anaonja kwanza mbele ya macho ya wageni kwa sababu hiyohiyo.

Upande wa bwana alikaa Mzee Silveri, mrefu, mkavu. Upande wa Inesi alikaa Mzee Bonifasi, mfupi, mnene, mpole, hata kuongea alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Wakainama. Mimi nikasimama kwa pembeni, karibu na bega la Bonifasi, nikabonyeza. Mdomo wa objektifu uko wazi kabisa, kama alivyoamuru Saidi.

Televisheni ikaonyesha. Mzee Silveri: safi, mvi zinahesabika, tone la pombe linang'aa kwenye mrija. Mzee Bonifasi: moshi. Ukungu wenye koti.

Kutoka upande wa binti ikaja sauti ya mama yake Inesi: "We Mama Keza, muzee wetu ameenda wapi?"

"Iko flu kidogo, Mama, ukungu tu, narudilia."

"Kidogo? Umemufuta!"

Nikaomba wazee warudie. Wakainama, wakavuta (wanavuta kweli, kumbukeni), nikakapeleka kale kamraba kwenye jicho la Bonifasi. Bonifasi akatoka kama malaika. Silveri akawa supu. Sasa ikawa zamu ya upande wa bwana, na wale ni watu wa Congo, Uvira, hawanong'oni. Shangazi wa bwana akasimama kabisa.

"Mbona wao banaonekana na sisi hatuonekane? Ng'ombe tumetoa sisi!"

"Tantine, ni objektifu, inashika mutu mumoja tu..."

"Basi imechagua wao! Rudilia!"

Nikarudia. Nikasogea nyuma ili wote waingie, nikagonga makreti, Keza akaamka akaanza kulia. Wazee wakavuta. Bonifasi safi, Silveri flu. Nikaenda upande mwingine. Wazee wakavuta. Silveri sikio safi, jicho flu. Na kila picha inatokea kwenye ile televisheni niliyoiomba mwenyewe kwa mdomo wangu, na watu wanashangilia kama wanaangalia penalti, upande huu "Eeee!", upande ule "Aaaah!", nikamwambia MC azime, akanijibu, "Wacha tu, Mama, banafurahi." Mimi kichwa kimechemka, jasho linaingia machoni, mtoto analia sikioni, na ninavyowaapia, akili yangu yote ilikuwa kwenye kale kamraba. Nilisahau kabisa kwamba kuna kufunga. Nimesoma sekondari mpaka humaniti nikamaliza, na pete ya kuzungusha kwa kidole gumba ilinitoka kichwani kwa sababu muuza duka ameniambia habari za pikipiki!

Ndipo nikakumbuka. Nane! Funga mpaka namba nane, mwanga wa mchana upo, wazee wote wawili watatoka safi na mtungi wao na hata makreti. Nikazungusha, nikaona njia mbele yangu imenyooka, nikataka kulia kwa furaha. Picha moja tu, moja, na nimeokoka.

Lakini Mzee Bonifasi alikuwa ameokoka kabla yangu. Pombe ya Maman Odette si maji. Yule mpole aliyekuwa ananong'ona alikuwa amesimama, mrija mkononi kama fimbo ya mwalimu, na sauti imepatikana.

"Ile ng'ombe ya pili," akasema, "mi sikuiona muzuri. Munasema ni ng'ombe. Iko na miguu mingapi?"

"Muzee, tulishamaliza hayo," Silveri akamjibu, naye macho yamekuwa mekundu.

"Haijaisha! Turudilie! Si tunarudilia kila kitu leo?"

Upande wa binti wakacheka, upande wa bwana hawakucheka. Nikamwona Inesi anajifuta macho na ncha ya mvutano wake, rangi za usoni zinateremka, na bwana wake ameinamia viatu. Nikaona dote ya watu inavunjika kwa sababu ya objektifu yangu. Nikamshika Mzee Bonifasi bega, nikamkalisha, na yeye akauchukua mrija tayari kuvuta tena, na mimi, kwa hasira, kwa sauti ile ya kutaka kumshinda mtoto anayelia sikioni, nikasema:

"Muzee, usinywe! Jifanye tu! Weka mudomoni na ujifanye!"

Vichwa vyote vikageuka kwangu. Hata Keza aliacha kulia.

Mzee Bonifasi akautoa mrija mdomoni polepole, akautazama, akautazama mtungi, akanitazama mimi. Shangazi wa bwana akashika kiuno: "Ajifanye? Kwa sababu gani?" Na kutoka kule nyuma kwenye masufuria nikasikia mwiko unawekwa chini. Maman Odette akaja, watu wakampisha njia.

"Mama Keza. Pombe yangu iko na nini?"

"Haina kitu, Maman. Mi nilikuwa nataka foto tu..."

"Umemukataza muzee kunywa. Mbele ya wageni. Iko na nini?"

Nikaeleza habari ya mdomo wa objektifu, moja nukta mbili, nane, pikipiki. Mtu akilisikia neno "objektifu" wakati anataka kusikia neno "samahani", anakuona mwongo. Akanyoosha kidole kwenye mtungi.

"Kunywa wewe."

Mimi mama anayenyonyesha, mtoto mgongoni, watu wote wananitazama. Nikampa MC kamera aishike. Nikapiga magoti mbele ya mtungi, wazee wawili wamenisimamia kama mahakimu, nikauchukua mrija wa Bonifasi, nikavuta. Kidogo haikubaliki, Maman Odette alikuwa anatazama koo langu. Nikavuta mpaka mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje.

Na MC, yule mshenzi, alikuwa ameizungusha tena ile pete, mdomo wa objektifu ukawa wazi (anasema "nilikuwa nachezea tu"), akabonyeza.

Ikatokea kwenye televisheni. Mimi. Kope zangu zote, jasho kwenye pua, unga wa mtama kwenye mdomo wa juu, mashavu yamedidimia kama ya samaki anayeulizwa swali. Na mwanangu, aliyetoa kichwa juu ya bega langu, hapohapo nyuma ya sikio, amekuwa moshi. Amenifutia mtoto!

Aliyeanza kucheka ni Mzee Bonifasi. Alicheka akashikilia goti la Silveri asianguke, Silveri naye akaanza, shangazi wa bwana akakaa chini, akajipepea. Bonifasi akasema, "Kama huyu amekunywa namna hiyo, ng'ombe iko na miguu ine, nimekubali," na Inesi akapiga kelele ya furaha, na sherehe ikaendelea. Nikaifunga objektifu mpaka nane, nikapiga kila kitu, kila mtu safi. Hakuna aliyezitazama tena.

Jioni nikamfuata Maman Odette. Nilijua, lakini mtu anaenda tu.

"Kazi nitampa mwingine," akasema. Hakuwa amekasirika tena, ndiyo mbaya zaidi. "We unajua kupiga, lakini unaongea mbele ya kufikiri. Ila ile foto ya mwisho, unitumie. Ile kubwa."

Nikamtumia. Nilidhani anataka kuchekea nyumbani kwake.

Saidi nilimrudishia kitu chake siku ya Pili, na jibu nililompa siwezi kuliandika hapa, kuna watoto wanaosoma. Na nimeapa, asinishauri mtu tena habari za kuacha wazi: penye watu wawili na mtungi mmoja, mimi nafunga mpaka nane, mambo ya siagi mtapaka kwenye mkate. Na mzee akitaka kunywa, anywe.

Mnauliza kila siku kama objektifu ile ni nzuri, niseme ukweli, wengine mnataka kuinunua. Msiniulize mimi. Nendeni Kinindo, kwenye lango la Maman Odette. Amenitundika pale, mkubwa kuliko mlango, na chini yake ameandika kwamba hapa pombe inanywewa kwa roho safi. Simameni upande wa pili wa barabara. Kope zangu mtazihesabu mkiwa palepale.