Gata Iliyolala Sawasawa

Mimi nimezaliwa Nakuru, na meno yangu husema hivyo kabla sijatoa kitambulisho. Juu yana rangi ya chai ya maziwa, na mbele yana mistari ya kahawia ambayo mswaki haujaitoa, mkaa haujaitoa, wala chumvi. Si uchafu. Ni maji. Maji ya chini ya ardhi huku kwetu yana madini mengi ya floraidi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, yanatoka yakiwa yameshapakwa rangi. Hiyo rangi haitoki tena. Nilipoenda chuo Nairobi, siku ya kwanza nilisimama nikajitambulisha, na kijana mmoja akauliza, "Wewe ni wa Nakuru ama Naivasha?" Darasa likacheka. Hakuwa na ubaya, na hata alikuja kuwa rafiki yangu. Lakini mwaka huo wote niliongea kidogo kuliko nilivyokuwa na la kusema, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Mume wangu ana meno meupe. Baba yake alifanya kazi ya reli hapa mjini, lakini watoto aliwaacha magharibi kwa bibi yao, wakanywa maji ya chemchemi mpaka wakamaliza shule. Kwa hiyo hili jambo la meno kwake lilikuwa hadithi tu, kitu cha kusikia.

Tulipopata binti yetu tulikuwa tumehamia kwenye ploti yetu, nje ya mji ukielekea Bahati. Nyumba ya vyumba vitatu, paa la mabati, na maji ya kisima kirefu ambacho mtaa mzima ulitegemea. Siku moja kliniki nesi aliniuliza mtoto ataanza uji lini. Nikamwambia karibuni. Akaniangalia mdomoni, si kwa dharau, akasema, "Basi angalia maji. Yale meno makubwa yanatengenezwa sasa hivi, humo ndani. Anachokunywa saa hii ndicho utakachokiona akifika darasa la kwanza."

Nilitembea kutoka pale nikiwa nimemshika yule mtoto kana kwamba kuna mtu anataka kumchukua. Bado hakuwa na jino hata moja. Nilimfikiria akisimama mbele ya darasa kujitambulisha.

Nyumbani nikamweleza mume wangu.

"Si tuchemshe tu?" akasema.

"Ukichemsha maji ya chumvi, chumvi inaenda wapi?"

Akafikiria. "Inabaki kwa sufuria."

"Ehe. Tena maji yakipungua inazidi."

"Lakini mama, wewe uliyanywa na uko sawa. Huna shida yoyote."

Damu ikanipanda. Nikamwangalia, nikaangalia yale meno yake yamepangana pale, nikaona nikijibu tutagombana mpaka mtoto aamke. Nikatoka nje nikasimama uani. Na nikiwa nimesimama pale na hasira zangu nikainua macho nikaona paa. Bati zima kubwa, safi, halina kazi nyingine ila kutukinga. Maji ya mvua hayana floraidi. Yanatoka juu, hayajapita kwenye mawe yetu.

Tangi tulikuwa nalo, tulilinunua wakati wa kujenga na lilikuwa limekaa tu likifuga buibui. Kilichokosekana ni gata, ule mfereji wa bati wa ukingoni mwa paa unaopeleka maji tangini. Fundi alikuja, akaangalia paa huku mikono iko kiunoni, akasema atarudi kesho. Anayejua kesho ya fundi anajua kwamba haina tarehe. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Subukia na mtoto alikuwa ameanza kunyakua kijiko changu kila nikila. Nikasema, wacha, nitaifanya mwenyewe.

Msinicheke. Miaka mingi nilikuwa nimefanya kazi ya kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nilijua saizi za skrubu kwa kuzigusa tu. Nilijua riveti, silikoni, mkasi wa bati, drili, na watu walikuwa wanakuja kuniuliza kitu gani kinafanya nini nami ninawajibu bila kupepesa. Nyuma ya jikoni tulikuwa na kibanda cha mabati ambamo nilikuwa nikirekebisha stuli, pasi, miguu ya vitanda na vishikio vya sufuria. Mume wangu alikuwa na kipande cha reli alichoachiwa na baba yake, kizito ajabu, na hicho ndicho kilikuwa fuawe letu. Nilinunua bati bapa, nikaliweka juu ya reli, nikalikunja kwa nyundo ya mbao, polepole, pigo kwa pigo, hadi likawa na umbo la mfereji. Kelele ilikuwa ya kufukuza kuku. Jirani yangu, mama wa makamo ambaye ukoo wao ulitoka pwani zamani na bado anaongea Kiswahili chake cha kupendeza, alichungulia juu ya ua.

"Shoga, waunda jahazi?"

"Natafutia mtoto maji."

"Haya, Mungu akutie nguvu. Lakini masikio yangu nayo ni ya Mungu huyo huyo."

Siku ya kufunga nilipanda ngazi mwenyewe. Mume wangu alikuwa kazini, na mtoto alikuwa kwa huyo jirani. Nilikuwa na kila kitu, na juu ya kila kitu nilikuwa na pima maji, ile rula nene ya alumini yenye kichupa cha maji ya kijani katikati na kitone cha hewa ndani. Niliwahi kuuza nyingi sana. Mteja akiniuliza, "Hii ni ya nini?" nilikuwa nasema, "Jina lake si linakwambia? Inapima maji." Basi mimi nafunga mfereji wa maji, na nina chombo kinachoitwa pima maji. Mnataka nini tena? Kila kishikilio nilichokipigilia kwenye ubao wa ukingo wa paa nilikiwekea pima maji, nikasubiri kitone kitulie katikati kabisa. Kikienda kushoto, naondoa msumari naanza upya. Nilimaliza jua likiwa limeanza kupoa, mabega yanawaka, na gata yangu imelala sawasawa kutoka kona hadi kona. Nilishuka nikarudi nyuma mpaka uani nikaiangalia. Ilikuwa imenyooka. Haki nilijipenda siku hiyo.

Mvua ilikuja Jumapili tukitoka kanisani. Mvua ya Nakuru ikianza haibishi hodi. Tulikimbia ndani, nikamkabidhi mume wangu mtoto, nikasimama mlangoni mwa jikoni kusikiliza tangi. Nilikuwa nasubiri ile sauti ya maji yakianguka ndani ya plastiki tupu. Hakuna. Nikangoja. Hakuna. Kisha nikasikia kitu kinamwagika, lakini si kwenye tangi. Kilikuwa kinamwagika hapo mbele yangu, katikati ya gata, moja kwa moja kwenye kizingiti, na kikaanza kuingia jikoni.

Nikatoka na mwavuli, nikapanda ngazi ile mvua ikininyeshea mgongoni. Gata ilikuwa imejaa pomoni. Maji yalikuwa yametulia ndani yake kama chai kwenye bakuli, hayaendi popote. Yangeenda wapi? Nilikuwa nimeyalaza. Siku nzima nilikuwa nimehakikisha kwamba hayana sababu ya kwenda kokote.

Mume wangu alikuja mlangoni na mtoto begani. Akaangalia juu, akaangalia tangi kavu, akaangalia jikoni kunakoogelea. Nikamwona anajizuia. Halafu akashindwa.

"Mama," akasema, "umeyapima kabisa!"

Akacheka. Alicheka kicheko chake kile cha kutoka tumboni, kichwa kimeenda nyuma, mdomo wazi, meno yote nje mpaka ya mwisho.

"Cheka!" nikapiga kelele kutoka ngazini. "Wewe cheka! Wewe una meno ya kucheka nayo!"

Kicheko kikakatika. Mvua iliendelea. Mtoto alikuwa ananiangalia kwa mshangao, na mimi nilikuwa nalia, na kwa bahati nzuri nilikuwa nimelowa kiasi kwamba haikuonekana. Au nilidhani haikuonekana. Mume wangu alimweka mtoto ndani, akarudi, akashika ngazi kwa mikono miwili mpaka nikashuka. Alichukua ufagio akaanza kusukuma maji kutoka jikoni.

Asubuhi yake aliomba ruhusa kazini. Nilimkuta kibandani anafungua mpira wa kamba. Tukaifungua gata pamoja. Alipigilia msumari kona ya mbali, mwingine kona ya tangi, wa tangi ukiwa chini kidogo, akavuta kamba katikati yake mpaka ikalia kama uzi wa gitaa. Vishikilio vyote tukavifuatisha kamba hiyo. Ukiangalia kutoka uani gata ilionekana imekaa upande, na roho yangu ilikataa kabisa, kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda vitu vilivyonyooka. Tulipomaliza alipanda na jagi la maji, akayamwaga kona ya mbali. Yakasita kidogo, kisha yakaanza kwenda, yakashika kasi, yakaingia kwenye paipu, yakaanguka ndani ya tangi.

"Sasa huku ndiko kupima maji," akasema. Kisha, akiwa bado juu ya ngazi, hajaniangalia: "Sikujua kwamba inakuuma hivyo. Ningejua, ningeshapanda huku kitambo."

Nikamwambia ashuke kabla hajaanguka. Ndiyo njia yangu ya kusamehe.

Kutoka hapo ilikuwa ni kulinda. Mvua ya kwanza ya msimu tuliiacha ipite, kwa sababu paa linakuwa na vumbi na mavi ya ndege. Iliyofuata tuliikinga yote. Yale yalikuwa maji ya mtoto, ya kunywa na ya uji wake, na kiangazi kikikaza tulikuwa tunayatoa kwa kikombe. Siku moja nilimkamata mume wangu akijipikia chai nayo, akajitetea kwamba ni haraka tu. Nilimwambia anywe hiyo chai akijua anakunywa jino la bintiye. Aliimwaga. Siku nyingine kwenye sherehe ya watu, mama mmoja mwema alimpa mtoto kikombe cha maji ya bomba nami nikamnyang'anya mdomoni mbele ya wageni wote. Mtoto alilia, yule mama akabaki na mkono hewani, nami nikaona aibu ambayo bado naisikia. Lakini ningefanya tena.

Kila kiangazi nilipanda kuziba matundu kwa silikoni. Upepo uling'oa kona moja, tukairudisha. Kutu ilikula kiungo cha katikati, nikakunja kipande kingine. Mtoto alikua, akaanza shule ya chekechea, akapoteza meno ya mbele ya utotoni, na nikaingiwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Kila asubuhi nikimpiga mswaki nilikuwa naangalia ufizi. Siku zikapita, ufizi mtupu. Kisha ncha mbili zikachomoza, zenye meno madogo ya msumeno kama yanavyokuwa mapya. Nilimsogeza dirishani. Yalikuwa meupe. Nikayafuta kwa kitambaa kuhakikisha si maziwa. Yalikuwa meupe, nikamwita baba yake aje aone, naye akaja na povu la sabuni shavuni akaangalia, akasema, "Eh! Huyu ni wetu!" tukafurahi kama tuliopata kiwanja.

Wiki moja hivi baadaye tulikuwa mezani, sisi watatu, tunakula ugali na sukuma wiki. Mume wangu alikuwa anasimulia bosi wake alivyokalia kiti kilichopakwa rangi, na akainuka kumwigiza anavyotembea ofisini na suruali ya mistari. Tulicheka. Binti yangu alicheka mpaka akainama. Na alipokuwa anacheka aliinua mkono wake wa kushoto, akaukunja kidogo, akaufunika mdomo.

"Toa mkono, mama," nikamwambia. "Mbona unaficha meno mazuri hivyo?"

Akanishangaa. "Si ndio watu hucheka hivi?"

"Nani hucheka hivyo?"

Aliniangalia tu, na baba yake naye akaniangalia, akiwa bado amesimama katikati ya chumba na ule mwendo wa bosi umemwishia miguuni.

Mkono wangu ulikuwa mdomoni. Sikujua ulifika pale saa ngapi. Nikaushusha, nikauweka juu ya meza kando ya sahani, nikauzuia pale. Kisha nikamwambia mume wangu atuigizie tena, tangu mwanzo.